TAHADHARI: Spika za milangoni "orijino" pamoja na fundi wa bure, Kariakoo

Wakuu, wenye IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio na magari mengine madogo yaliyotoka Japani, naomba msome hii kabla hamjapeleka gari kubadilishiwa spika za milangoni. Kuna mchezo unaendelea Kariakoo, upande wa maduka ya redio na mapambo ya magari, na safari hii umempata mdogo wangu anayeendesha teksi ya mtandao. Gari hilo ndilo linalomlisha yeye na watoto wake. Duka silitaji kwa sababu mchezo haukai kwa mtu mmoja. Mawinga, yaani madalali wa mtaani, wanauhamisha, leo mlango huu, kesho mlango ule, na ukimjua mwenye duka mmoja utapigwa kwa jirani yake.

Unavyokwenda ni hivi. Winga anakukuta umepaki au unaulizia bei ya kitu kingine, hata wiper. Anaangalia gari, anakuambia spika za kiwandani za gari hilo ni makaratasi matupu, kila mtu anabadilisha. Anakupeleka mahali palipo na ubao mkubwa uliojaa spika, anawasha mziki na kifua kinatikisika. Usichokiona ni amplifaya iliyo nyuma ya ubao na sabufa iliyofichwa chini ya kaunta. Ule mshindo hautoki kwenye spika ya mlangoni, na hautatoka hata ukinunua iliyo halali. Halafu yanaletwa maboksi yenye majina ya Pioneer, Sony, Kenwood au JBL, kampuni ambazo hazihusiki kabisa na mzigo huo. Mdogo wangu alitajiwa laki moja na themanini kwa spika zote nne, kufunga bure. Kwa mtu anayejua bei za mjini hiyo ni bei ya kutupa, na ndiyo maana wanaipanga hapo, isiwe rahisi mno hadi ukashtuka wala ghali hadi ukaondoka.

Sasa angalieni hatua inayofuata, maana wizi uko hapa. Boksi moja linafunguliwa mbele yako. Unaonyeshwa spika nzito, sumaku kubwa, maandishi safi, unaishika mwenyewe. Mengine matatu yanabaki yamefungwa "yasiingie vumbi". Unaambiwa pale dukani hapana nafasi ya kufungia, gari lisogezwe mtaa wa pili aliko fundi. Winga anatangulia na maboksi. Wewe unabakizwa nyuma kulipa, kusubiri chenji, kuletewa soda. Ukifika kwa fundi unakuta milango miwili imeshafunguliwa na kufungwa. Ule uzito ulioushika mkononi hauko tena ndani ya gari lako.

Na spika zako za zamani? "Tumetupa bosi, zilikuwa zimepasuka."

Hazikutupwa. Spika za kiwandani za Toyota zina soko. Zinauzwa mtaa huohuo kama mtumba wa Japani, na mwenye gari ambalo spika moja imekufa hulipa vizuri apate inayoingia bila kukata kitu. Kwa hiyo umelipa laki na themanini, umepewa takataka, na mali yako imebaki nyuma kama bakshishi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Siku chache baadaye mdogo wangu alilalamika kwamba mziki ukiongezwa kidogo unakwaruza, besi haipo, na mlango wa dereva unatetemeka kama debe. Nikafungua milango yote minne nyumbani. Mimi ni fundi umeme wa majengo, nina mita na ninajua kusoma waya, basi nawaeleza nilichokiona.

Sumaku kwanza. Spika tatu zilikuwa na kava la mpira mgongoni, nene na la duara. Nilipolivua, sumaku iliyokuwa ndani ilikuwa nusu ya upana wa kava. Sehemu iliyobaki ni hewa. Sumaku ndogo na koili ndogo (waya uliozungushwa ndani ya spika) hazina nguvu ya kuisukuma koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ya inchi sita na nusu, kwa hiyo besi haiwezi kuwepo. Pale katikati, ambapo boksi linadai kuna twita (vispika vidogo vya sauti nyembamba) tatu, moja tu ilikuwa na waya. Zile nyingine mbili ni vifuniko vya plastiki vilivyogundishwa kwa gundi, havina koili wala chochote.

Kisha mita. Spika nyingi za gari ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiipima ikiwa imechomolewa, mita ya kawaida husoma pungufu kidogo, kama 3.2 hadi 3.8. Mbili zilisoma hapo. Nyingine mbili zilisoma karibu na 7, yaani ni spika za omu 8, aina zinazotumika kwenye redio za nyumbani na televisheni. Ukiiweka ya omu 8 mahali pa 4, redio inatoa takriban nusu ya nguvu upande huo. Mlango wa kushoto unaongea, wa kulia unanong'ona, na fundi wa bure hapatikani tena kwenye simu.

Juu ya boksi waliandika wati 1000. Tafadhali elewa namba hizi, kwa sababu ndizo wanazozitumia kutufumba macho. Redio ya gari isiyo na amplifaya ya nje inaendeshwa na umeme wa volti 14.4 gari likiwa linawaka. Kwa hesabu ya umeme, volti hizo kwenye spika ya omu 4 haziwezi kutoa sauti safi inayozidi wati 26 hivi kwa kila spika, na redio nyingi zinaishia chini ya hapo, hata kama usoni zimeandikwa 50 x 4, yaani wati 50 kwa kila spika. Spika halali huwa na namba mbili: ile ya juu kabisa, na ile ya kuhimili muda wote, inayoandikwa RMS au nominal. Pioneer TS-A1670F ya inchi sita na nusu, kwa mfano, kiwanda chenyewe kinaandika 320 kwa juu kabisa na 70 kwa muda wote. Kama kiwanda cha kweli kinasema 70, boksi la Kariakoo linalotangaza 1000 bila kutaja RMS popote limekwishajieleza. Namba inayostahili kuangaliwa na mtu asiye na amplifaya ni ya desibeli, yaani spika inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu ndogo. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya redio mara mbili. Feki huwa hawaiandiki kabisa.

Lakini spika mbovu unaitoa na kuitupa. Madhara makubwa zaidi tuliyakuta kwenye mlango wenyewe, na hapa naomba hata wasiopenda mziki wasome.

Kila mlango wa gari unaingiza maji, umeundwa hivyo. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye mpira wa kioo, yanateremka ndani ya bati na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini. Kinachozuia maji hayo yasije upande wako ni ile nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi nyuma ya kava la ndani la mlango. Fundi wa bure hana muda nayo. Aliichana kwa kisu milango yote minne, na mlango mmoja aliing'oa akaitupa. Ikinyesha masika ya Dar, maji yataingia kwenye zulia, yatapita kwenye swichi za vioo, na utaanza kununua swichi bila kujua chanzo. Pia mlango usio na nailoni unapoteza besi, kwa sababu sauti ya mgongoni mwa spika inavujia ndani ya gari na kuiua ya mbele.

Waya nao. Soketi za Toyota zilikuwa zimekatwa, waya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa seloteipu ya karatasi, ile ya kufungia zawadi. Hapo pana hatari ya kweli. Kwenye redio za siku hizi waya zote mbili za spika zina umeme, hakuna wa bodi, yaani unaorudi kwenye bati la gari. Seloteipu ikilegea kwa joto, waya mmojawapo ukagusa bati la mlango, unaweza kuiunguza sehemu ya kukuzia sauti ndani ya redio. Halafu utauziwa na redio. Milango miwili waya zilikuwa zimegeuzwa, chanya kwenye hasi. Spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, na besi zinauana. Kulijua hili hakuhitaji mita: chomoa soketi nyuma ya redio, kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyuzi za spika zinazoingia hapo, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje ni sawa, ikirudi ndani imegeuzwa.

Na mlango wa dereva uliokuwa unatetemeka: spika ya kiwandani ya Toyota inakuja na fremu yake ya plastiki, imeshikwa kwa ribiti au skrubu. Ukiitoa, tundu linalobaki ni kubwa kuliko spika ya kununua, hivyo inatakiwa fremu ya kuziba nafasi. Fremu hiyo pia inaisogeza spika mbele ili kioo kikishushwa kisigonge sumaku. Hawakuweka. Walikata kipande cha ubao laini kama wa fanicha, ule unaovimba ukilowa, wakapiga skrubu mbili kati ya nne. Klipu za kava zimevunjika nusu nzima.

Tulirudi. Winga hayupo, fundi hamjui winga, mwenye ubao anasema yeye anakodisha kaunta tu. Karatasi aliyopewa mdogo wangu ni ya mkono, haina jina la biashara, chini imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Hela ilikwenda kwenye namba ya kawaida ya simu, si lipa namba ya duka. Ukiambiwa tuma kwenye namba ya mtu, jua hapo tayari njia ya kukudai haki yako inafungwa.

Kwa hiyo ukiamua kubadilisha, na kubadilisha si kosa, spika nzuri iliyofungwa vizuri inaleta tofauti kubwa, fanya hivi. Yafungue maboksi yote kwenye kaunta kabla ya kutoa hata shilingi. Zishike zote kwa zamu, uzito usipishane. Vua kava la mpira, uone sumaku. Omba mita, kila duka la redio linayo, pima kila moja. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, yenye jina la duka na aina ya spika. Uhalali wake unaweza kuuhakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, hapohapo. Anayekataa kutoa risiti amekupa jibu. Baada ya hapo maboksi yakae mikononi mwako, usimwachie mtu hata kama ni mtaa wa pili, na fundi mtafute mwenyewe. Simama mlangoni anapofanya kazi. Mwambie kabla hajaanza kwamba hakuna kukata soketi, zipo soketi za kuunganishia bila kukata, na kama hazipo waya ziunganishwe kwa kuchomewa risasi (solda) na kuvikwa mpira unaosinyaa ukipashwa joto. Nailoni irudi kwa gundi yake. Spika za zamani na fremu zake ziingie kwenye buti lako kila moja inapotoka.

Na kama spika zako za kiwandani hazijachanika, na shida yako ni sauti ndogo tu, angalia redio kwanza. Magari mengi ya Japani bado yana redio ya kule, inayokamata FM kuanzia 76 na kuishia 90 hivi, na wengi wakiibadilisha wananunua ya bei ya chini inayokwaruza kabla spika haijachoka. Mdogo wangu tulimtafutia spika za mtumba za Toyota, nne, tukafunga wenyewe na nailoni mpya. Gari linaimba kuliko lilivyoimba na zile za "wati 1000".

Waliokwisha kupigwa: msizitupe hizo feki. Zipigeni picha pamoja na boksi, hifadhini ujumbe wa malipo na karatasi yoyote mliyopewa, hata ile ya mkono. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanapokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Spika zako za zamani zikichukuliwa bila ridhaa, huo ni wizi, peleka polisi kama wizi. Wenye teksi za mtandao hasa, tumeni ujumbe huu kwenye magrupu yenu leo, kwa sababu winga huyu anawatafuta nyinyi, watu mnaokaa ndani ya gari kutwa nzima na mnaotaka abiria asikie mziki safi.