Taa ya nyuma ya baiskeli "haiingii maji": uzoefu wangu

Msiinunue. Naanza na hilo kwa sababu huko mbele nitalegea kidogo.

Ni ile taa nyekundu ya kuchaji kwa USB, inayofungwa kwa mpira kwenye paipu ya siti, ambayo Kariakoo imejaa kila duka. Boksi linatangaza kwa herufi kubwa kwamba haiingii maji, halafu pembeni, kwa herufi za sisimizi: IPX4. Maana yake inastahimili maji ya kurushiwa tu. Haikutengenezewa tairi la nyuma lisilo na madigadi, linalorusha tope na mchanga mfululizo Barabara ya Morogoro wakati wa masika.

Ugonjwa wake ni tundu la chaji. Aliyeibuni kaliweka chini kabisa, limetazama tairi, akalifunika kwa kiulimi cha mpira laini. Ukishakifungua na kukifunga mara kadhaa kinalegea, mchanga unakaa kwenye ukingo, hakishiki tena. Maji yanapenya, pini zinaota ukungu wa kijani. Ukichomeka waya, kitaa cha chaji kinapepesa lakini betri haijai. Yangu ikazimika njiani usiku. Na ubaya wa taa ya nyuma ni kwamba huioni: unakanyaga pedeli ukijua unaonekana, kumbe mwenye lori mbele yake ni giza tupu.

Nikairudisha. Muuzaji hata hakuishika. "Kaka, hii umeitumbukiza kwenye ndoo." Ndoo! Nilipomwonyesha maandishi akajibu kwamba aliyeandika ni mwenye kiwanda, si yeye, akageukia mteja mwingine. Duka hilohilo linauza betri za 18650, zile za kuchaji za mviringo za tochi, zilizoandikwa mAh 9,900 (kipimo cha chaji inayobebwa), wakati betri nyingi nzuri za saizi hiyo zinaishia kwenye 3,500 hivi. Ningeshtuka mapema.

Lakini mwanga wake, nisiseme uongo, ni mzuri. Unaonekana hadi ubavuni, na ubavuni ndiko bajaji zinakochomokea. Kwa hiyo aliyekwisha kuinunua asiitupe. Funga madigadi kwanza. Kata pete ya tyubu kuukuu, upana sentimita tatu, uivishe taa izibe tundu. Ukitoka mvuani ifute na uiache ikauke usiku kucha kabla ya kuchaji. Umeme ukikutana na maji mle ndani ndipo pini zinapolika. Ifunge ikitazama nyuma moja kwa moja, maana ikiinama inamulikia lami. Ukibeba mzigo, ihamishie nyuma ya keria, la sivyo gunia linaifunika yote. Barabara zisizo na taa iwashe bila kumetameta, dereva aweze kukadiria umbali. Na riflekta nyekundu iliyokuja na baiskeli usiing'oe kwa ajili ya urembo, hiyo haidai chaji.

Ukifanya yote hayo, kwa shilingi 25,000 nilikuwa karibu kusema inafaa. Lakini kwa nini mnunuzi ndiye amalizie kazi ya kiwanda kwa tyubu? Na ile ndoo bado sijaisamehe. Hapana, msiinunue. Tafuteni yenye tundu ubavuni au juu, na kizibo kigumu kinachoingia kwa kubonyezwa. Na muuzaji aandike "haiingii maji" kwenye risiti, kwa mkono wake, apige na muhuri.