Faili za buti (za kuwashia Windows) zimeangukia diski ya zamani: amri ya bcdboot au kupiga Windows upya?
Hii inawakuta wengi, unaweka SSD mpya unapiga Windows huku hadidiski ya zamani bado imechomekwa, instola inakuta patisheni ya EFI (kijisehemu cha diski cha kuweka faili za buti) kule inatupia faili za buti humohumo, siku ukiichomoa Windows haiwaki. Kupiga upya hakuna mambo mengi, chomoa ya zamani kwanza, ila programu zote unaanza moja. Mimi naona bcdboot, amri ya Windows ya kutengeneza faili za buti upya, ndo yenyewe: fanya bakapu, punguza C kwa diskpart (zana ya Windows ya kugawa diski) upate MB 260, tengeneza patisheni ya EFI hapo, fomati FAT32, ipe herufi S, halafu kwenye Command Prompt ya admin andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, mafaili yako hayaguswi kabisa. Ila kama Windows yenyewe ilishaanza kusumbua, piga upya tu.