Uzoefu wangu na awk: kigeu ndani ya rejeksi kilivyonizungusha

Awk, programu ya kuchambua maandishi mstari kwa mstari, naitumia karibu kila siku kuchambua logi za seva na naikubali sana, ni ya tangu 1977 na bado inachapa kazi. Ila kuna kitu kimoja kilinitoa jasho, kuweka kigeu (jina linalobeba thamani) ndani ya rejeksi (regex, yaani ruwaza ya kutafutia maandishi).

Nilitaka skripti ambayo neno la kutafuta nalitoa mwenyewe kila nikiiendesha, nikaandika hivi (-v ndiyo inayokipa kigeu thamani):

awk -v neno="imefeli" '/neno/' logi.txt

Mistari ikatoka, nikafurahi, kumbe yote ni ile ya "neno la siri limebadilishwa" 😂 yaani kigeu changu haikukigusa kabisa, ilitafuta n-e-n-o kama ilivyo, maana kilichokaa katikati ya mikwaju (/) inakichukua kilivyo. Nikajaribu /$neno/ kwa vile lugha ya Perl inakubali, hapo ndo haikutoka hata mstari mmoja, dola humo ndani maana yake ni mwisho wa mstari, sasa mwisho utafuatwaje na herufi tena.

Dawa yake fupi mpaka inaudhi, toa mikwaju weka ~ (yaani "inalingana na"; $0 ni mstari mzima)

awk -v neno="imefeli" '$0 ~ neno' logi.txt

Ukitaka iwe mwanzoni mwa mstari unaunganisha tu, $0 ~ "^" neno, basi. Ila angalia spelingi, siku moja niliandika nneo na haikulalamika hata kidogo, kigeu ambacho hakipo kwake ni kitupu, na kitupu kinakubaliana na kila mstari, ikanimwagia faili zima.

Halafu kuna nukta, hapa ndo nililala saa nane usiku. Nilipitisha anwani 10.0.0.1 nikashangaa inaniletea na 10.0.0.15 na 10.0.0.100, nukta kwenye rejeksi ni herufi yoyote na mwisho sikuufunga. Nikasema niweke mkwaju wa kinyume (\) mbele ya nukta ili isomwe kama nukta tu, wapi, stringi (maandishi ya ndani ya nukuu) inasomwa mara mbili, mara ya kwanza kama stringi na ya pili kama rejeksi, kwa hiyo mkwaju mmoja unaliwa njiani, lazima uandike miwili "\\." na kwenye -v ni hivyo hivyo. Mimi nimeachana nayo, naandika [.] na macho yanapumzika. Kama kigeu kinatoka kwa mtu mwingine, kwenye BEGIN (sehemu inayoendeshwa kabla faili halijasomwa) naweka gsub(/[.]/, "[.]", ip), yaani kila nukta ya kigeu ip igeuzwe [.], ndo naendelea, hiyo inatibu nukta tu lakini, akileta nyota au mabano bado yatafanya vituko vyao.

Na ukweli usemwe, nusu ya skripti zangu hazikuhitaji rejeksi hata. Ile ya anwani sasa hivi ni $1 == ip ($1 ni safu ya kwanza ya mstari), na ya neno la kawaida ni index($0, neno), inayotafuta neno lilivyo, hakuna cha nukta wala mkwaju.

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ile nneo, ingesema hata neno moja tu bwana.