Kuusikiliza mlima au kuuvutia uzi: sismomita na GPS

Fundi wa majahazi pale Matondoni, Lamu, hukagua ubao kwa njia mbili. Huugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kisha huvuta uzi toka tezi hadi omo aone kama umepinda. Wanaochunga volkano nao wanazo hizohizo.

Sismomita, chombo kinachonasa mitikisiko ya ardhi, ndiyo sikio. Mwamba ukipasuka magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapojipenyeza, habari huja papo hapo. Mei 2018 matetemeko yalianza Mayotte, kisiwa ambacho jirani zetu wa Komoro hukiita Maore. Tarehe 15 likapita moja la ukubwa wa 5.9. Shida ni kwamba chanzo kilikuwa baharini, kama kilomita 50 mashariki, na vyombo vilikuwa vichache, tena nchi kavu. Ukisikiliza toka upande mmoja utajua kuna ugomvi mtaani, hujui nyumba ipi.

GPS, inayopima kwa setilaiti ardhi inavyosogea, ndiyo uzi. Haisikii kitu, nayo ina subira ya kuudhi. Ila baada ya wiki kadhaa ilionyesha kisiwa kizima kinavutwa: hatimaye takriban sentimita 20 mashariki, na zaidi ya 10 chini. Ghala la magma lilikuwa likimwagika. Mwaka 2019 meli ya utafiti ikaikuta volkano mpya sakafuni mwa bahari, kimo chake mita 820 hivi.

Fedha zikitosha kimoja, ningenunua sismomita, na kuitumbukiza baharini. Sisi Lamu hatuna volkano. Kutoka huko kinachoweza kutufikia ni mawimbi ya tsunami, nayo hayangoji wiki kadhaa.