Vidude vya mfukoni vya mwaka mpya: kagua tundu la chaji kwanza

Baada ya sikukuu nimepata ujumbe mwingi wa wasomaji, na karibu wote unalia jambo moja. Spika ndogo, tochi au kifeni cha mkononi kimetoka dukani kipya, kimefanya kazi vizuri mpaka betri ilipoisha, kisha kimegoma kupokea chaji. Ukikirudisha, muuzaji anakwambia umekiunguza kwa chaja kali.

Hujaunguza kitu. Tafuta waya wa zamani, ule wenye kichwa kipana upande wa chaja, ukichomeke kidude hichohicho. Kikianza kupokea chaji, ujue kiwandani wamebania.

Iko hivi. Chaja ya zamani ya kichwa kipana hutoa volti 5 muda wote, iwe imechomekwa kitu au la. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachouhitaji, na inahisi kupitia resista (vipande vya kuzuia umeme) mbili za kiloohmu 5.1 zilizo ndani ya tundu la kifaa. Ni vipande vidogo kuliko punje ya mchele, bei yake si kitu, lakini viwanda vya bei rahisi huviacha. Tundu kwa nje ni la USB-C kabisa, ila ukitumia waya wenye USB-C pande zote mbili, kidude kinalala kama maiti. Na huo ndio waya tulio nao siku hizi: iPhone tangu toleo la 15 la mwaka 2023 zinakuja nao, Samsung kubwa vilevile.

Kwa hiyo rangi, taa za kumetameta na idadi ya nyimbo unazoweza kuhifadhi sitazigusa. Nenda dukani na waya wako wa USB-C pande zote mbili. Huna chaja? Unganisha kidude na simu yako yenyewe. Tundu likiwa zima, taa ya chaji itawaka (simu nyingine zinataka kwanza uwashe OTG, yaani simu kuhudumia kifaa kingine, kwenye mipangilio). Halafu chomoa, geuza kichwa cha waya, uchomeke tena. Kuna vidude vilivyowekewa resista moja tu, vinakubali upande mmoja na kukataa mwingine.

Sasa vile ninavyovipendekeza. Namba moja kwangu ni pawabenki ya Anker Nano ya mAh 10,000 yenye waya wake uliojengewa. Nasema waziwazi kwamba naipenda Anker, na sababu ni hiyohiyo ya tundu: waya uleule unaochaji simu ndio unaoijaza pawabenki yenyewe, na kioo chake kinakuonyesha asilimia iliyobaki badala ya vitaa vinne vya kubahatisha. Usitegemee ikujazie mara mbili simu ya mAh 5,000. Hiyo 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za betri, yaani Wh 37 (watt-saa, kipimo cha nishati). Ikipandishwa kwenda volti 5 na sehemu ikapotea kwa joto, utaijaza simu mara moja na ziada. Kwa wanaofuata mzigo Dubai, Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu abiria pawabenki moja tu, isiyofika Wh 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Na mapenzi yangu hayanifanyi nifiche hili: Juni 2025 Anker waliwataka wateja wa Marekani waache kutumia pawabenki zaidi ya milioni moja za modeli A1263 kwa hatari ya moto. Kama ndugu yako alikuletea ya zamani kutoka huko, isome namba chini yake leo.

Namba mbili ni spika ya JBL Go 4. Gramu 190, saa 7 za muziki, inavumilia vumbi na maji kwa kiwango cha IP67, basi hata mchanga wa Coco Beach hauitishi. Feki zake ni nyingi mno, kwa hiyo usiinunue mkononi mwa mtu.

Namba tatu haina tundu kabisa: programu ya Organic Maps. Ni bure, haina matangazo, na ukishapakua ramani ya Tanzania hutumii bando hata kidogo. Data yake inatoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar es Salaam hilo lina maana kubwa, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatembeza wanafunzi na wakazi katika kata zinazofurika wakichora vichochoro na mitaro. Ingia Tandale nayo uone. Kwa kujifurahisha, ongeza Stellarium, programu ya kutambua nyota, uielekeze simu angani umeme ukikatika mtaani.

Vya bei ya chee vya barabarani? Tochi, sawa. Kingine chochote chenye betri, hapana.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyouziwa. Pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, winga anakudaka barabarani, anakupeleka duka ambalo si lake, anaweka cha juu chake, na ukitaka kuchomeka waya kabla ya kulipa anakwambia boksi likifunguliwa umenunua. Ukilipa, risiti imeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Kuna duka nililosimama na mteja mwingine mwenye spika iliyogoma. Wakamuuzia waya wa kichwa kipana kwa bei ya juu wakiuita "waya maalumu" wa spika hiyo. Walijua kabisa tatizo ni nini. Muuzaji akikukatalia kupima, duka la pili liko hatua tatu mbele, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) uidai kabla hujatoka mlangoni.