Siku nane za kuchora Lamu: Takwa ilihamishiwa siku ya maji mafu

Nimekaa wiki kadhaa nikidhani hasira hii itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kifurushi kiliuzwa kuwa cha wachoraji: malazi Shela, mashua na nahodha wake, na ahadi kwamba ratiba itafuata mwanga. Siku ya Takwa, magofu ya mji wa kale, niliichagua mwenyewe na kuwaandikia mapema: siku mbili baada ya mwezi mpevu. Sikuiokota tu kwenye kalenda. Takwa iko kisiwani Manda, na mashua huifikia kwa mkondo unaopita katikati ya mikoko. Maji yakipwa, mkondo ule ni tope. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji makubwa, na pwani yetu bamvua hujaa kwenye saa 10, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata maji huchelewa dakika 40 hadi 50 hivi. Siku ya pili baada ya mwezi mpevu, basi, yanajaa karibu saa 11 na nusu jioni: unaingia saa 9 na nusu yakipanda, unachora mpaka jua linapoinama, unatoka kabla mkondo haujakauka. Ngoja wiki moja, mambo yamegeuka. Ni maji mafu, yaani maji madogo, yanajaa kwenye saa 4 hadi 5 asubuhi na kupwa kwenye saa 10 hadi 11 jioni.

Mratibu akaipeleka Takwa siku ya mwisho, wiki nzima mbele, ili kuniunganisha na wageni wengine mashua moja. Nilipomkumbusha habari ya mwezi akanijibu, "Takwa haihami, dada." Tukaondoka alasiri. Tulipofika mdomoni mwa mkondo, mikoko ilikuwa imesimama juu ya mizizi mitupu, tope la magotini, hakuna pa kupitisha hata mtumbwi. Na hapo ndipo aliposema neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Picha za Takwa si zimejaa kwenye intaneti? Chukua moja, chora."

Mtu anayeuza safari kwa wachoraji!

Haya, nieleze kwa nini picha haitoshi, maana pengine wapo wanaodhani alikuwa na hoja. Msikiti wa Ijumaa pale Takwa, kama misikiti yote ya pwani hii, umeelekea kibla upande wa kaskazini. Msimu wa upepo wa kaskazi unapokaribia kwisha, mwezi wa 3 hivi, jua huzama karibu magharibi kamili, hivyo mwanga wa mwisho unaupitia ukuta wa kibla kwa ubavu, na kila tundu la tumbawe linatoa kivuli chake. Nenda mwezi wa 6 au wa 7, jua liko kaskazini na uso wa ndani wa ukuta huo umo kivulini. Mwezi wa 12 linapiga kutoka kusini, usoni zaidi, na yale matundu hayasimami vilevile. Simu nayo hujiamulia: hung'arisha kivuli, hupunguza jua, ukuta mzima ukawa kijivu kimoja. Ukiwa umesimama pale, kivuli cha chokaa kina buluu ya anga kwa juu na joto la mchanga kwa chini. Hupatikana kwa ultramarini (buluu) na siena iliyochomwa (hudhurungi), maji mengi, kisha unagusisha oka, ile manjano ya udongo, karibu na ardhi karatasi ikiwa bado mbichi. Rangi hiyo kwenye kioo cha simu haimo. Na jioni ya huku ni fupi. Jua likishazama, baada ya dakika 20 hivi unachanganya rangi kwa kupapasa.

Sasa lazima niseme ukweli hata kama unaniharibia hasira. Asubuhi zote tulipewa nahodha mwingine, mzee wa makamo, na mzee yule peke yake alistahili nyota tano. Mji wa Lamu unatazama mashariki, kwa hiyo nyumba za ufukweni huchorwa tangu jua linapotoka mpaka kama saa 3. Mchana zinageuka giza mbele ya anga jeupe. Kabla ya saa 12 na nusu alikuwa ameshatuweka upande wa Manda, akatia nanga mbili, moja omo (mbele) na moja tezi (nyuma). Sikumwomba. Ukitia moja tu, mkondo unaigeuza mashua na mji unakuhama katikati ya mstari. Alimwona mwenzetu mmoja anachora mlingoti wima akamwambia kwa upole, "Mwanangu, wa jahazi huinamia mbele." Kweli huinama, na mlingoti uking'ang'ania wima jahazi zima linaonekana limekufa.

Pia aliweka dumu la maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa ajili ya brashi tu. Msijaribu maji ya bahari: chumvi inaacha madoa ya nyota kwenye rangi, na karatasi inabaki na unyevu siku nzima. Bebeni lita 2 za maji yenu, karatasi ya gramu 300 iliyogundishwa pande zote isije ikajikunja, na vibanio vinne. Mwavuli muuache, upepo wa mlango wa bahari hauutaki.

Je, nawashauri mwende? Lamu, ndiyo, kesho. Kwa kifurushi hiki, nilipokuwa nyuma ya yule mzee ningesema ndiyo vilevile. Lakini kama mtalipa, andikeni tarehe ya Takwa kwa mwezi, si kwa siku ya juma, na mkubaliane kabla ya malipo kwamba ikihamishwa fedha za siku hiyo zinarudi. Mimi sikuandika hilo la mwisho, ndiyo maana nimeahidiwa "punguzo nikirudi" badala ya fedha zangu. Au nendeni gatini Shela mkazungumze na nahodha mwenyewe. Mwulizeni maji yanajaa saa ngapi. Akijibu bila kutazama simu, mpeni kazi.

Nilianza na nyota tatu kwa heshima ya mzee. Nazishusha hadi moja: ratiba hakuipanga yeye, na fedha zetu hazikuingia mkononi mwake.