Mateka wa Australia: gazeti la mji au jalada la jeshi?

Singapore ilipoanguka Februari 1942, maelfu ya Waaustralia walitekwa na Wajapani. Ukimtafuta mmoja wao, jalada la jeshi lina namba ya utumishi, kikosi na tarehe. Kavu, ila la kuaminika.

Gazeti la mjini kwao lina utamu wake: aya fupi kwamba mama fulani, wa mtaa fulani, amepata kadi kutoka kwa mwanawe aliye mateka huko Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo). Hapo umepata mzazi, anwani, pengine hata kazi aliyoiacha. Kwenye Trove, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Australia yenye magazeti ya zamani, unasoma bure. Ila kadi zilichelewa mno. Tarehe ya gazeti usiichukulie kuwa ya kutekwa. Na kompyuta inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi huvuruga majina, kwa hiyo jaribu tahajia kadhaa.

Mimi huanzia gazetini, nijue kwanza ni John Smith yupi.